Mashine Ndogo za Mvuke: Tuzigeuze Bila Kuziharibu

Sote tunalijua neno "gari la moshi". Hata leo, treni zinapokwenda kwa dizeli na kwa umeme, wazee wetu bado wanasema gari la moshi. Neno hilo limebaki kama kumbukumbu ya mashine za mvuke, zile zilizokula kuni na makaa ya mawe, zikanywa maji mapipa kwa mapipa, zikavuta mizigo mizito.

Lakini je, mnajua kwamba zilikuwapo pia mashine za mvuke za kuchezea watoto? Hazikuwa sanamu za mashine. Zilikuwa mashine kweli kweli, ila ndogo. Ukitia maji na kuwasha moto, baada ya dakika chache gurudumu linaanza kuzunguka na filimbi inalia. Nyingine ni ndogo kiasi cha kukaa juu ya kiganja cha mkono.

Siku hizi mashine hizo zimekuwa vitu vya kale huko Ulaya na Marekani. Watu wazima wanazitafuta kwenye minada na kwenye masoko ya vitu vikuukuu. Wengine wanazitengeneza tu zifanye kazi tena. Wengine wanazigeuza ziwe mifano ya maonyesho: karakana ndogo, kiwanda kidogo, au gari la sherehe lenye taa.

Katika makala haya tutaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Tena tutashika mambo mawili makubwa. La kwanza, fundi mwema hukigeuza kitu cha kale kwa namna ambayo mtu mwingine kesho ataweza kukirudisha kilivyokuwa. La pili, fundi mwema hawashi moto chini ya boila asiyoijua.

ZILITOKA WAPI

Mashine kubwa za mvuke zilianza kufanya kazi Uingereza. Mwaka 1712 Thomas Newcomen alijenga mashine ya kuvuta maji kutoka migodini. Mwaka 1769 James Watt alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, ambao ulipunguza sana makaa yaliyokuwa yakiteketea. Mwaka 1804 Richard Trevithick aliendesha gari la moshi juu ya reli huko Wales. Baada ya hapo mvuke ukaingia viwandani, melini na mashambani.

Mafundi wa bati na shaba wa Ujerumani wakaona biashara hapo. Mji wa Nuremberg ulikuwa mashuhuri kwa vitu vya kuchezea. Huko ndiko ilikokuwa kampuni ya Bing, iliyoanza mwaka 1863, pamoja na kampuni za Ernst Plank na Doll. Katika mji mwingine, Göppingen, ilikuwako kampuni ya Märklin, iliyoanza mwaka 1859. Kampuni hizi zilitengeneza mashine za mvuke za watoto na kuziuza nchi nyingi.

Huko Marekani, William Weeden wa mji wa New Bedford alianza kutengeneza mashine yake mwaka 1884. Mashine hiyo ilienea kwa njia ya gazeti. Gazeti la vijana lililoitwa The Youth's Companion liliitoa kama zawadi kwa wale waliolitafutia wasomaji wapya. Basi mtoto aliyezunguka kwa majirani akapata wasomaji, alirudi nyumbani na mashine ya mvuke!

Uingereza nako, Geoffrey Malins alianzisha kampuni ya Mamod mjini Birmingham mwaka 1937. Na kampuni ya Wilesco ya Ujerumani ilianza kutengeneza mashine hizi mwaka 1950.

Wazazi walizinunua siyo kwa mchezo tu. Mtoto alijifunza jinsi moto unavyogeuka kuwa kazi. Ndiyo maana kampuni hizo ziliuza pia vibaraka vya bati vya kuungwa kwenye mashine kwa uzi au mkanda mwembamba: mhunzi anayepiga nyundo, msumeno, kinu cha upepo, na jiwe la kunolea. Mashine ikizunguka, nao wanafanya kazi. Kumbe hata zamani zile mashine peke yake haikutosha. Watu walitaka kuona inafanya nini.

INAVYOFANYA KAZI

Hebu tuielewe mashine yenyewe kwanza. Huwezi kugeuza kitu usichokijua.

Sehemu ya kwanza ni boila. Hiki ni chombo cha shaba kilichofungwa pande zote, ambamo maji yanachemka. Kwenye sufuria ya ugali mvuke unatoka na kwenda zake. Ndani ya boila mvuke hauna pa kwenda, kwa hiyo unasukuma. Nao unasukuma kwa nguvu, kwa sababu lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa kawaida hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600.

Sehemu ya pili ni silinda. Ni mrija mfupi wenye kizibo ndani yake. Kizibo hicho kinaitwa pistoni. Mvuke unaingia na kuisukuma pistoni. Katika mashine nyingi za bei ndogo, silinda yenyewe inayumba huku na huku. Ikiyumba upande mmoja, tundu lake linakutana na tundu la mvuke, na mvuke unaingia. Ikiyumba upande wa pili, tundu linakutana na njia ya kutokea, na mvuke uliokwisha kazi unatoka. Hapo ndipo unaposikia ile sauti ya chaf-chaf-chaf.

Sehemu ya tatu ni gurudumu zito. Pistoni inasukuma mkono wa chuma, na mkono unazungusha gurudumu, kama mguu wa mshonaji unavyozungusha gurudumu la cherehani. Uzito wa gurudumu unaifanya mashine isikwame pale msukumo unapopungua.

Sehemu ya nne ni vali ya usalama. Hiki ni kizibo kidogo chenye springi, kilicho juu ya boila. Mvuke ukizidi kiasi, unaiinua springi na kutoka nje. Vali hii ndiyo mlinzi wa mikono na macho yako. Usiichezee kamwe.

IPI IGEUZWE, IPI IACHWE

Sasa tuseme mtu amepata mashine ya kale, ina vumbi na kutu. Anataka kuifanya mfano wa maonyesho. Aanzie wapi? Asianze na bisibisi. Aanze na macho.

Aulize kwanza: mashine hii ni ya nani, na ya zamani kiasi gani? Mara nyingi jina la kampuni limegongwa au kuchorwa kwenye bati la chini au mbele ya boila. Aulize tena: je, sehemu zake zote zipo? Rangi yake ya kwanza ipo? Sanduku lake lipo?

Kama mashine ni adimu, imekamilika, na ina rangi yake ya asili, jibu ni fupi: iache. Ipanguse vumbi, itie tone la mafuta, iweke kabatini. Kampuni ya Bing ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hakuna atakayetengeneza nyingine. Rangi iliyopakwa Nuremberg ikishakwanguliwa haitarudi, hata ukipaka mpya inayong'aa mara kumi. Hata wanunuzi mnadani wanajua hivyo. Mashine iliyochakaa kidogo lakini ya asili hupendwa kuliko iliyopakwa rangi upya.

Kuna hasara moja inayotokea mara nyingi. Boila nyingi za Kijerumani zilitiwa rangi ya buluu iliyoiva juu ya shaba. Miaka ikipita, buluu hiyo inafifia na kuwa kama kahawia. Mtu asiyejua anadhani ni uchafu. Anachukua dawa ya kusugulia shaba, anasugua mpaka boila inang'aa kama dhahabu. Anafurahi! Lakini ameondoa kazi ya fundi wa miaka mia moja iliyopita kwa dakika kumi tu. Tena kila anaposugua, shaba inazidi kuwa nyembamba.

Ipi basi inafaa kugeuzwa? Ile ambayo zilitengenezwa nyingi na bado zinapatikana. Au ile iliyokwisha poteza sehemu zake: haina bomba la moshi, haina bati la chini, boila imepasuka, rangi imekwisha. Mashine ya namna hiyo haina cha kupoteza, na inaweza kupata maisha mapya.

HATARI TATU ZILIZOJIFICHA

Hatari ya kwanza ni boila yenyewe. Mvuke wa mashine ya kuchezea hauna msukumo mkubwa. Mara nyingi ni mdogo kuliko upepo uliomo katika tairi la baiskeli lililojaa vizuri. Kwa hiyo watu hudharau. Lakini tairi lina upepo baridi, na boila ina maji yenye moto kupita yale ya sufuriani. Boila ikipasuka, maji yale hugeuka mvuke kwa ghafla na kumwagikia aliye karibu.

Boila ya zamani inachoka. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ikikaa na maji ya moto miaka mingi, zinki inaliwa kidogo kidogo. Ukiona madoa ya rangi ya waridi juu ya shaba ya njano, ujue nguvu imepungua pale. Maungio nayo yamelehemiwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, ambao huyeyuka kwenye joto la kama digrii 190. Maji yakiwamo ndani, yanaipoza shaba na hakuna taabu. Maji yakiisha na moto unaendelea, lehemu inayeyuka na maungio yanaachia. Ndiyo maana mtu hapaswi kuiacha boila ikauke motoni.

Wajuzi wa Ulaya huipima boila kabla ya kuiwashia moto. Wanaijaza maji baridi mpaka pomoni, bila kuacha hewa ndani, kisha wanaisukuma kwa pampu mpaka ifike mara moja na nusu au mara mbili ya msukumo wa kazi. Kama boila inavuja, maji baridi yanadondoka tu, hakuna anayeumia. Vyama vya watengeneza mifano huko Uingereza vina wapimaji wao, na boila iliyofaulu hupewa cheti. Hiyo ni kazi ya mpimaji aliyefundishwa. Asijaribu kila mtu nyumbani.

Hatari ya pili ni asbesto. Zamani asbesto ilitumiwa sana kuzuia joto. Katika mashine za kale inaweza kuwa kwenye tambi za taa ya spiriti, kwenye vizibo vya maungio, au kama karatasi nyeupe iliyozungushiwa boila. Vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo usikwangue, usipige msasa, wala usipulize vumbi la kitu cheupe chenye nyuzi usichokijua. Kiache mahali pake na umwite mtu mwenye ujuzi na vifaa.

Hatari ya tatu ni risasi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake, na lehemu pia. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani. Usile wala kuvuta sigara unapofanya kazi. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na watoto wasikae mezani unapofanya kazi hiyo.

UPEPO BADALA YA MVUKE

Sasa mtu atasema: kama boila ina hatari zote hizo, maonyesho yatafanyikaje? Jibu ni rahisi. Pistoni haijali kinachoisukuma ni mvuke au ni upepo. Inataka msukumo tu.

Kwa hiyo waonyeshaji wengi hawawashi moto kabisa. Wanachukua pampu ndogo ya umeme, wanaificha chini ya meza, na wanapitisha mpira mwembamba mpaka kwenye bomba linaloingia katika silinda. Boila inabaki pale pale kama pambo, tupu na kavu, bila msukumo wowote ndani yake. Upepo kidogo tu unatosha kuizungusha mashine ndogo iliyo safi. Mashine inaweza kuzunguka mchana kutwa, haichomi mtu, na haihitaji kuongezwa maji.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. Mosi, mvuke huacha unyevu, lakini upepo ni mkavu. Kwa hiyo tia mafuta mepesi ya mashine mara kwa mara, matone machache tu. Pili, fungulia upepo polepole. Mashine isiyo na mzigo ikipewa upepo mwingi inakimbia ovyo na kujivunja.

Ziko mashine ambazo silinda yake imekwisha kabisa. Hizo huzungushwa na mota ndogo ya betri iliyofichwa chini ya ubao. Mota ikizungusha gurudumu polepole, pistoni inakwenda na kurudi, na mtazamaji anaona kila kitu. Hilo si kosa, mradi kibao cha maelezo kiseme wazi: "Mashine hii inazungushwa na mota." Kumdanganya mtazamaji ndilo kosa.

MFANO WA KWANZA: KARAKANA NDOGO

Tuchukue mashine ya kulala ya Kijerumani, yaani yenye boila iliyolala, ambayo imepoteza bati lake la chini. Fundi anataka kuifanya iendeshe karakana ya useremala na uhunzi, kama zilivyokuwa karakana za miaka ya 1900.

Anatafuta ubao imara wa kuwekea vitu vyote. Mashine anaikaza kwa skrubu zinazopita katika matundu yale yale ya zamani. Hatoboi tundu jipya hata moja. Juu ya ubao anasimamisha nguzo mbili, na juu ya nguzo anapitisha chuma kirefu chembamba kinachozunguka. Hicho ndicho mtaimbo mkuu. Katika viwanda vya zamani mtaimbo wa namna hiyo ulipita chini ya dari, na kila mashine ya kiwanda ilipata nguvu zake kutoka hapo kwa mkanda.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Tuseme mashine inazunguka mara 600 kwa dakika. Hiyo ni kasi mno. Nyundo ya mhunzi haitaonekana. Kwa hiyo tunatumia makapi ya ukubwa tofauti. Kapi la mashine lina upana wa sentimita 2. Mkanda unatoka hapo kwenda kwenye kapi la mtaimbo lenye upana wa sentimita 8. Nane gawanya kwa mbili ni nne. Basi mtaimbo utazunguka mara 600 gawanya kwa 4, yaani mara 150 kwa dakika.

Bado ni haraka kwa nyundo. Kwenye mtaimbo tunaweka kapi jingine la sentimita 2, na kwenye nyundo kapi la sentimita 6. Sita gawanya kwa mbili ni tatu. Mara 150 gawanya kwa 3 ni mara 50 kwa dakika. Sasa nyundo inapanda na kushuka kama mtu anayefua chuma. Msumeno unaweza kuachwa na kasi ya mtaimbo, na jiwe la kunolea likaenda haraka zaidi.

Zipo njia za kujenga hayo yote bila kulehemu. Njia moja inayopendwa ni vipande vya Meccano. Frank Hornby wa Liverpool alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1901. Ni vipande vya chuma vyenye matundu yaliyopangwa sawasawa, vinavyoungwa kwa skrubu na nati ndogo. Leo ukijenga karakana, kesho unafungua na kujenga kreni. Mwaka 1965 kampuni ya Mamod ilitengeneza mashine ya mvuke iliyokusudiwa hasa kuungwa na vipande hivyo.

Mwisho fundi anaongeza vitu vidogo vinavyoipa karakana uhai: rundo la mbao zilizopasuliwa kutoka vijiti, unga wa mbao chini ya msumeno, ndoo ya bati, shoka lililoegemezwa ukutani. Asizidishe. Vitu vikijaa mno, jicho linaikosa mashine.

MFANO WA PILI: GARI LA SHEREHE

Mwaka 1963 kampuni ya Mamod ilitoa gari dogo la mvuke lenye magurudumu makubwa nyuma, mfano wa yale yaliyovuta majembe na mizigo mashambani. Liliitwa TE1. Yalitengenezwa mengi sana, na mengi yamechakaa mikononi mwa watoto. Kwa hiyo linapendwa na wageuzaji.

Wengi huligeuza liwe gari la sherehe. Magari hayo yalikuwako kweli. Wenye michezo ya sherehe huko Uingereza walisafiri mji hadi mji wakivuta mabembea yao kwa gari la mvuke. Wakifika, gari lile lile lilizungusha dainamo iliyofungwa mbele karibu na bomba la moshi, na kuwasha taa za umeme. Fikirini mtu wa kijijini wa mwaka 1900 anayeona mamia ya taa kwa mara ya kwanza! Kampuni ya Charles Burrell & Sons ya mji wa Thetford ilisifika kwa magari hayo, yenye rangi nyekundu iliyoiva na nguzo za shaba zilizosokotwa kama kamba.

Kuligeuza gari dogo, fundi anatengeneza paa refu la bati jembamba, linalofunika kuanzia nyuma mpaka mbele ya bomba. Nguzo nne anazipata kwa kusokota nyaya mbili za shaba pamoja. Nguzo zinashikwa kwa skrubu zilizokwishakuwapo au kwa vibanio. Dainamo ni kipande cha mbao ya mviringo kilichopakwa rangi, kikikaa juu ya kibao kidogo mbele. Mkanda mwembamba kutoka gurudumu zito unakizungusha. Pembeni mwa paa anapanga vitaa vidogo vya LED vinavyowashwa na betri iliyofichwa chini. Vinatumia umeme kidogo na havichomi rangi.

Sheria moja hapa haina msamaha: usitoboe wala kulehemu chochote kwenye boila. Tundu dogo la skrubu linatosha kuiharibu. Na rangi mpya ipakwe kwenye sehemu mpya tu: paa, nguzo, dainamo. Gari lenyewe libaki na rangi yake ya Birmingham hata kama ina mikwaruzo. Mikwaruzo ile ni historia ya mtoto aliyelichezea.

DAFTARI NA SANDUKU

Kazi haijaisha mpaka ameandika. Hapa ndugu zetu mliojifunza kusoma na kuandika ukubwani mtaelewa haraka kuliko wengine, maana mnajua thamani ya neno lililoandikwa.

Fundi mwema ana daftari. Kabla ya kufungua skrubu ya kwanza anapiga picha au anachora mashine ilivyo. Kila siku anaandika: nimeondoa hiki, nimeongeza kile, tarehe fulani. Sehemu alizoondoa hazitupi, hata iwe springi yenye kutu. Anazitia ndani ya sanduku, anaandika juu yake zimetoka wapi, na sanduku linafuatana na mashine.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu sisi tunapita na kitu kinabaki. Mashine ya mwaka 1900 imepita mikono mingi, nasi ni mkono mmoja tu kati ya hiyo. Atakayekuja baada yetu ana haki ya kujua kipi ni cha fundi wa Nuremberg na kipi ni chetu. Asipoambiwa, atadanganyika. Na sehemu ikishatupwa jalalani, hata mtaalamu hawezi kuirudisha.

JE, LINATUHUSU?

Huenda mtu akasema: "Hayo ni mambo ya Wazungu na vitu vyao vya kuchezea. Mimi mkulima yananihusu nini?"

Yanatuhusu, ndugu. Kwanza, mvuke ni historia yetu pia. Pale Nairobi liko jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo imehifadhiwa injini kubwa nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, ya lile kundi la injini 34 zilizojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250. Na meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilikwenda kwa mvuke miaka mingi kabla ya kuwekewa injini za dizeli.

Pili, tunavyo vyombo vyetu vya kale. Cherehani ya bibi. Baiskeli ya babu. Mashine ya kusaga ya kwanza kufika kijijini. Vijana wetu wanaotengeneza magari ya waya na makopo wana mikono ile ile ya kuunda. Chombo kikiacha kufanya kazi, tunakiuza kama chuma chakavu kwa shilingi chache, na watoto hawatakiona tena. Kingewekwa shuleni juu ya meza, kikasafishwa, kikawekewa kibao cha maelezo na mpini wa kuzungushia kwa mkono, kingefundisha mengi. Mtoto akizungusha mwenyewe na kuona jino linashika jino, hasahau.

Kanuni ni zile zile. Tazama kabla ya kufungua. Usiondoe rangi ya asili. Tumia skrubu mahali pa lehemu, na matundu ya zamani mahali pa mapya. Andika ulichofanya. Hifadhi ulichoondoa. Na kama chombo kiliwahi kubeba moto au mvuke, kionyeshe kikiwa baridi, mpaka mjuzi akipime.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini boila isiachwe motoni bila maji?

2. Mashine inazunguka mara 400 kwa dakika. Kapi lake lina upana wa sentimita 3, na kapi la mtaimbo lina upana wa sentimita 12. Mtaimbo utazunguka mara ngapi kwa dakika?

3. Ni chombo gani cha kale kilichomo kijijini kwenu ambacho kinafaa kuwekwa shuleni? Nani anajua historia yake, na ni nani kati yenu ataiandika?